Kalamu ya Mkubwa wa Kazi: Funzo Moja la Azimio la Musoma

Katika madarasa ya siasa swali hili halikosekani: mkubwa wa kazi mwema tunamtofautishaje na mbaya? Majibu huja upesi. Mwema ni mpole, anasalimia watu, anafika msibani. Mbaya ni mkali na mwenye dharau. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, kwa sababu yanaitazama tabia ya mtu na kuyasahau mahusiano ya kazi yanayoizaa tabia hiyo. Historia yetu inao mfano unaofundisha zaidi, nao ulianzia hapa Musoma, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana na kupitisha Azimio la Musoma.

Kabla ya kuuchambua mfano huo hatuna budi kurudi nyuma.

Wazee wa sehemu hizi za Mara hawakumjua mkubwa asiyeulizwa. Wazanaki, kwa mfano, hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Mambo yao yalikatwa na wazee na marika, na aliyetoa amri aliishi miongoni mwa wale aliowaamuru. Utawala wa kikoloni ndio ulioweka watawala wanaowajibika juu, kwa Bwana Shauri, badala ya kuwajibika chini, kwa watu. Mpango huo huo uliingia kazini. Katika machimbo ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, kama katika mashamba ya katani ya Tanga, mzungu alikuwa mbali na nyapara alikuwa karibu. Katika Tanganyika ya wakati ule vibarua wengi walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30. Siku iliyotiwa alama ilihesabiwa. Siku isiyotiwa alama ilipotea pamoja na jasho lake. Nguvu ya nyapara basi haikuwa katika kiboko peke yake. Ilikuwa pia katika kalamu. Kibarua hakuwa na mahali pa kuuliza kwa nini alama haikuandikwa.

Uhuru ulipopatikana, bendera ilibadilika siku moja. Kalamu ilichelewa. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 iliunda kamati za wafanyakazi, na mwajiri akatakiwa kushauriana nazo kabla ya kutoa adhabu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ukaleta Mabaraza ya Wafanyakazi, lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, na mameneja hawakukosa njia ya kuyajaza watu wao. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 viwanda vingi vilikuwa mali ya umma, na meneja alikuwa Mwafrika mwenzetu. Hata hivyo palikuwa na wafanyakazi waliosema kwamba wamebadilishiwa nyapara, hawajaondolewa unyapara.

Ndipo ulipokuja Mwongozo wa TANU, Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda. Ibara yake ya 15 ilikataza majivuno, anasa, dharau na uonevu kwa kiongozi yeyote. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kuliko walivyotazamia walioiandika. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimama katika viwanda na mashirika mengi, na migomo mingi haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya matusi, ya dharau, ya meneja asiyesikiliza. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda wakaiendesha kazi wenyewe. Serikali haikuiacha njia hiyo ienee.

Wako waliosema, na mpaka leo wanasema, kwamba Mwongozo uliua nidhamu. Tusikatae yote. Walikuwapo wavivu waliojificha nyuma ya ibara ya 15 kama mtu anavyojificha mvua chini ya mwembe. Ila tusichanganye ukali na unyapara. Meneja anayedai mtu afike kazini saa moja na nusu, naye mwenyewe akafika, si mnyapara. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao bila huruma. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Alikuwa mkali, na alijihesabu ndani ya ukali wake.

Sasa turudi Musoma. Azimio la 1974 hukumbukwa zaidi kwa lengo la kuwaandikisha watoto wote shule za msingi ifikapo 1977. Sehemu yake nyingine ilihusu Chuo Kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja. Alipaswa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kufanya kazi angalau miaka miwili, na baada ya hapo apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Nia yake ilikuwa njema: kuvunja kiburi cha msomi asiyewahi kushika jembe wala spana, na kumfanya ajulikane kwanza kwa watu anaofanya nao kazi.

Lakini hebu tufikiri kilichotokea juu ya meza ya mkubwa wa kazi. Kijana aliyesimama katika mkutano akataja ibara ya 15 mbele ya wenzake sasa alihitaji karatasi kutoka kwa mtu yule yule aliyemkosoa. Chama kilikuwa kimempa mfanyakazi ulimi mwaka 1971. Mwaka 1974, bila kukusudia, kikampa mkubwa kalamu. Na hapa ndipo wakubwa walipojipambanua, kuliko katika salamu na misiba. Mmoja aliweza kumwita kijana, akamweleza mapungufu yake uso kwa uso, akalipeleka neno lake tawini lijadiliwe, kisha akaandika kile kile alichokisema. Mwingine aliweza kucheka naye asubuhi na mchana akaandika siri iliyomzibia njia. Huyu wa pili huenda alikuwa mpole sana.

Tawi la Chama liliwekwa pale liwe kizuizi. Palipokuwa na tawi hai, kalamu ya meneja ilikuwa na mwenzake wa kuisahihisha. Palipokuwa na mwenyekiti anayekula sahani moja na meneja, karatasi zilikuwa mbili na mwandiko ulikuwa mmoja. Udhaifu huo haukuwa wa Azimio. Ulikuwa wetu makada, na tunausema kwa sababu Mwalimu alishatuandikia kijitabu cha Tujisahihishe tangu 1962. Masharti hayo ya kuingia Chuo Kikuu yalilegezwa katika miaka ya 1980, zaidi kwa sababu nchi ilihitaji wataalamu kwa haraka. Suala la kalamu halikumalizwa, liliachwa tu.

Liliachwa kwa muda mrefu. Katika utumishi wa serikali mkubwa aliendelea kujaza taarifa ya siri juu ya mtumishi kila mwaka, na mwenyewe asijue kilichoandikwa mpaka cheo kilipompita. Mwaka 2004 tu ndipo utaratibu huo ulipoanza kuondolewa na kuwekwa mfumo wa wazi, ambao watumishi waliuzoea kwa jina la OPRAS: mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, mtumishi alijipima mwenyewe, msimamizi alimpima, na wote wawili waliweka saini. Tuliwasikia wakubwa wengi wakilalamika kwamba fomu ile ilikuwa ndefu na inawapotezea muda. Ilikuwa ndefu kweli. Tulipowauliza ni ukurasa gani hasa uliowachosha, mara nyingi ulikuwa ule wa kukaa na mtu na kumweleza.