Utayari wa Kulipa: Dereva wa Gari la Umeme Anakomea Wapi?

Istilahi ya Kiingereza willingness to pay kwa kawaida tunaitafsiri utayari wa kulipa. Imezoeleka kwenye hojaji za bima ya afya na miradi ya maji, na sasa imeingia kwenye mjadala wa magari ya umeme: madereva wako tayari kulipa kiasi gani kwenye vituo vya kuchajia vya umma? Tafsiri hii naitetea, lakini ina mtego. Ukimuuliza mtu kama yuko tayari, atakujibu ndiyo au hapana. Mchumi anatafuta namba.

Namba hiyo ni kiasi cha juu kabisa ambacho mtu angekubali kutoa kuliko kuikosa huduma. Ukimwongezea shilingi moja tu, anaondoka. Wazo hili lina deni kwa Jules Dupuit, mhandisi wa Kifaransa wa barabara na madaraja, ambaye mwaka 1844 aliandika kuhusu namna ya kupima manufaa ya kazi za umma. Aliona kwamba ushuru wa daraja hauwezi kuwa kipimo cha faida ya daraja, maana wamo wavukaji ambao wangetoa hata mara mbili ya ushuru ule na bado wakavuka. Tofauti kati ya kile ambacho mtu angetoa na kile anachotozwa ndiyo wachumi wanaiita ziada ya mlaji. Kwa hiyo bei ni kitu kimoja na utayari wa kulipa ni kingine. Anayenunua kitenge Kariakoo anaijua namba yake moyoni na haitamki, kwa sababu akishaitamka tu, hiyo ndiyo inakuwa bei.

Tuitazame Uingereza, ambako suala hili lina uzito mkubwa. Mwenye nyumba yenye maegesho yake huchaji gari usiku kwa umeme wa nyumbani. Mwaka 2025 umeme huo ulikuwa takriban peni 25 kwa uniti, na ipo mikataba ya usiku iliyo nafuu zaidi. Chaja nyingi za haraka za barabarani zilizidi peni 70. Gari lenye betri ya uniti 60 likichajiwa kutoka asilimia 20 hadi 80 linachukua uniti 36: nyumbani ni kama pauni 9, barabarani ni zaidi ya pauni 25. Sehemu ya pengo hilo ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ilikuwa asilimia 5 kwa umeme wa nyumbani na asilimia 20 kwa chaja ya umma.

Dereva huyo mwenye maegesho, ukimuuliza angelipa ngapi kwa chaja ya barabarani, atataja kiasi kidogo, kwani umeme wa bei rahisi unamsubiri nyumbani. Mkute yuleyule kwenye barabara kuu, betri imebaki asilimia 8 na watoto wamelala kiti cha nyuma, namba yake imepanda ghafla. Utayari wa kulipa haukai ndani ya mtu kama kimo chake. Unategemea ana njia gani nyingine wakati ule, ana haraka kiasi gani, na ana hakika gani kwamba chaja itafanya kazi. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 2023 zinaagiza mitandao ya chaja za haraka iwe inafanya kazi kwa asilimia 99 ya muda, na bei ioneshwe waziwazi kwa peni kwa kila uniti. Dereva aliyewahi kukuta chaja mbovu usiku hukata thamani ya kituo kabla hajafika.

Mpangaji wa ghorofa asiye na pa kuegesha ndiye anayenisumbua zaidi. Analipa bei ya barabarani wiki baada ya wiki. Mtafiti akizisoma risiti zake atasema utayari wake ni mkubwa, kumbe mtu hana pengine pa kwenda. Kwa sababu hii siwaungi mkono wanaopendekeza tafsiri iwe hiari ya kulipa. Neno hiari linampa mpangaji huyu uhuru asiokuwa nao.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni bodaboda. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme iliyoanzia Kigali, imemwondolea dereva kazi ya kusubiri betri ijae: anafika kituoni, anatoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, analipa, anaondoka. Kikomo chake anakipata kwenye petroli. Tuseme kwa siku anatumia shilingi 500 za Kenya za mafuta. Kwa umbali uleule hatakubali betri za shilingi 500, kwa sababu atatoa pia thamani ya foleni kituoni na abiria aliowakosa kwa kuzunguka kutafuta betri. Nchini Kenya, mwaka 2023 mdhibiti wa nishati EPRA aliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Hiyo ni bei ya umeme unaoingia kituoni. Kiasi ambacho dereva angelipa ni lazima kipimwe kwake yeye.

Namna ya kupima nayo ina matatizo yake. Ukimuuliza mtu moja kwa moja, atataja kiasi kikubwa kwa kuwa kusema ni bure, au kidogo akidhani jibu lake litatumika kupanga bei. Wengi sasa wanatumia kadi za kuchagua: chaja hii dakika 20 kwa bei ile, au ile saa moja kwa bei hii. Chaguzi zikishakuwa nyingi, hesabu inaonesha dereva anaithamini dakika moja kwa shilingi ngapi.

Basi tubaki na utayari wa kulipa, tuutofautishe na uwezo wa kulipa, na tuutaje pamoja na kiasi, mahali na wakati. Wanaotafsiri hojaji nawaomba waache kuandika “Je, uko tayari kulipia kuchaji?” Waandike: “Ukiwa kituo hiki, saa hii, bei ikifika shilingi ngapi kwa uniti utaondoka bila kuchaji?”