Ngano

Mtajie mtoto wa Ifakara ngano, atawaza unga wa maandazi; bonde la kwao, la Kilombero, hulima mpunga. Lakini ngano pia ni hadithi ya mapokeo, kama zile zilizosimuliwa Zanzibar ambazo Edward Steere alizichapisha London mwaka 1870. Msimulizi husema "Paukwa!", wasikilizaji huitikia "Pakawa!" Kiitikio hicho ni muhimu mno: ndicho kinachomfanya mtoto kuwa mshiriki. Basi mwalimu anayeleta darasani ngano za India au Ujerumani azifungue vivyo hivyo, kisha awaombe wanafunzi za bibi zao, za Kindamba na Kipogoro. Natamani kumsikia humo sheshe, swala wa mbuga za Kilombero. Sungura na Fisi tumewasikia sana.