Dhamira Tegemezi Kwanza: Kitenzi cha Kitaliano kwa Msemaji wa Kiswahili Dubai

Vitabu vinavyofundisha Kitaliano kwa wageni hupanga vitenzi kwa mfuatano unaokaribiana sana. Hutangulia wakati uliopo, hufuata wakati uliopita wa maneno mawili, kisha ule wa mazoea, kisha ujao. Dhamira tegemezi, ambayo Waitalia huiita ‘congiuntivo’, huwekwa mbali, kwa kawaida mwanafunzi akishafika kiwango cha B1 katika ngazi za Baraza la Ulaya. Hoja ya makala haya ni kwamba mfuatano huo haumfai msemaji wa Kiswahili, na haumfai hata kidogo yule anayejifunza Kitaliano kwa ajili ya kazi ya hoteli mjini Dubai. Huyo anapaswa kuanza na dhamira tegemezi, kwa sababu kazi yake inaidai tangu siku ya kwanza, na lugha yake imekwisha kumfundisha nusu ya njia.

Kitaliano si lugha ya mtaani Dubai. Mtaani, kuanzia Deira hadi Al Quoz, utasikia Kihindi, Kiurdu, Kimalayalam, Kitagalogi, Kiingereza na Kiarabu, na Kiswahili nacho siku hizi kimepata nafasi yake miongoni mwa walinzi, madereva na wahudumu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Hata hivyo, Waitalia wapo kwenye sekta ya ukarimu, kama wageni na pia kama wenye majina. Hoteli ya Armani ilifunguliwa ndani ya Burj Khalifa mwaka 2010, Palazzo Versace ikafuata mwaka 2016 na Bulgari mwaka 2017. Kwa misimu mingi ya baridi, meli za watalii za kampuni za Costa na MSC zimetia nanga Port Rashid. Zaidi ya hayo, Kitaliano si kigeni kwa mtu wa Pwani. Tangu mradi wa anga wa San Marco ulipoanza karibu na Malindi katika miaka ya 1960, Malindi na Watamu zimekuwa miji ambayo kijana hujifunza Kitaliano ufukweni kwa kusikia tu, na Zanzibar, upande wa Kiwengwa, hali haiko mbali na hiyo. Kijana wa namna hiyo akipata kazi Dubai hufika na msamiati mwingi wa Kitaliano na vitenzi vilivyovurugika.

Mfumo wenyewe ni mpana. Vitenzi vya Kitaliano hugawanyika katika makundi matatu kwa kufuata mwisho wa kitenzi-jina: -are kama ‘firmare’, kutia saini, -ere kama ‘prendere’, kuchukua, na -ire kama ‘aprire’, kufungua. Dhamira arifu, yaani ile ya kutoa taarifa, peke yake ina njeo nane, dhamira tegemezi nne, dhamira ya masharti mbili, na bado kuna amri na maumbo yasiyobeba nafsi. Mwanafunzi anayeoneshwa jedwali lote kwa mara moja hukata tamaa, kwa hiyo walimu hulazimika kuchagua pa kuanzia. Kosa liko kwenye uchaguzi huo.

Tuitazame meza ya mapokezi. Mgeni wa Kitaliano aliyefika saa nane za usiku haambiwi ‘firma’, kwa maana hiyo ni amri ya kumwambia rafiki au mtoto. Huambiwa ‘firmi qui’, tafadhali tia saini hapa. Haambiwi ‘prendi la chiave’ bali ‘prenda la chiave’, chukua ufunguo. Anayempeleka chumbani hasemi ‘seguimi’, husema ‘mi segua’. Maumbo haya yote ya heshima, ‘firmi’, ‘prenda’, ‘segua’, pamoja na ‘scusi’, ‘senta’ na ‘aspetti’, ni dhamira tegemezi tupu. Kitaliano hakina amri maalumu ya kumwambia mtu wa kuheshimiwa. Huiazima dhamira tegemezi. Mhudumu asiyeijua hana njia ya kumpa mgeni agizo la moja kwa moja bila kumvunjia heshima, hata awe amehifadhi njeo zote nane za dhamira arifu.

Tena mtego wenyewe ni mkali. Kwenye kundi la -are, irabu ya mwisho -a ni ya rafiki na -i ni ya heshima: ‘firma’ na ‘firmi’, ‘aspetta’ na ‘aspetti’. Kwenye makundi mengine mawili mambo hugeuka kinyume, -i ikawa ya rafiki na -a ya heshima: ‘prendi’ na ‘prenda’, ‘apri’ na ‘apra’. Anayejifunza kwa kusikia husikia ‘scusi’ mara mia kwa siku, akaamini kwamba -i ndiyo adabu yenyewe, kisha akamwambia bibi wa miaka sabini ‘prendi’, kama anayemwamuru mjukuu. Vitabu vya wanaoanza huyataja maneno kama ‘scusi’ na ‘senta’ mapema, lakini kama misemo ya kukariri, bila kueleza yametoka wapi. Kukariri hakumwokoi mtu siku atakapohitaji kitenzi ambacho hakukikariri.

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mwalimu wake kwa kawaida hauoni. Kiswahili nacho huigeuza irabu ya mwisho ili kutoka kwenye taarifa na kuingia kwenye ombi: ‘unachukua’ ni taarifa, ‘uchukue’ ni ombi. Nacho pia huiacha amri kavu ‘chukua’ kwa watu wa rika na wa karibu, na kwa mkubwa kikasema ‘naomba uchukue’. Wazo kwamba heshima inakaa kwenye irabu ya mwisho ya kitenzi halina ugeni kwa mtu aliyelelewa Lamu, Tanga au Unguja. Wala wazo la makundi ya vitenzi si geni, kwani vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama ‘subiri’, ‘jibu’ na ‘samehe’ havigeuzi irabu. Tunasema ‘usubiri’, hatusemi ‘usubire’. Ukitazama kwa makini zaidi, utaona kwamba umbo la heshima la Kitaliano liko karibu na Kiswahili kuliko umbo la urafiki. ‘Seguimi’ hutanguliza kitenzi na kukipachika kiwakilishi cha mtendwa mwishoni. ‘Mi segua’ hutanguliza mtendwa, kisha mzizi, kisha irabu ya dhamira, na huo ndio mpangilio wa ‘nifuate’. Vivyo hivyo ‘mi aiuti’ na ‘nisaidie’.

Ulinganifu hauishii kwenye maombi. Mhudumu anayetaka kumuuliza mgeni kama amwitie teksi atasema ‘vuole che Le chiami un taxi?’, na Kiswahili chake ni ‘unataka nikuitie teksi?’. Baada ya kitenzi cha kutaka, lugha zote mbili huweka kitenzi kingine chenye nafsi yake na dhamira tegemezi yake. Baada ya ‘bisogna che’ na ‘lazima’, ni hivyo hivyo. Baada ya ‘affinché’ na ‘ili’, ni hivyo hivyo. Kiingereza hakifanyi hivyo. Baada ya kutaka huweka kitenzi-jina kisicho na nafsi. Na Dubai Kitaliano mara nyingi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Mombasa analazimika kuitoa sentensi yake kwenye Kiswahili, ambako imekaa sawasawa, kuipitisha kwenye Kiingereza, ambako inapoteza nafsi na dhamira, na kuifikisha Kitaliano ikiwa imeharibika. Kisha anaambiwa dhamira tegemezi ni ngumu. Hili linanikera, kwa sababu ugumu umetengenezwa njiani.

Sikio nalo linasaidia. Irabu zisizo na mkazo katika Kitaliano ni tano, a, e, i, o, u, sawa na za Kiswahili, na mzigo mkubwa wa nafsi na dhamira umewekwa kwenye irabu za mwisho. Msemaji wa Kiswahili huzisikia na kuzitamka waziwazi, ilhali Mwingereza huzififisha. Anapokosea ni kwenye mkazo. Kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, atatamka ‘parlano’, wanasema, kwa kukazia ‘la’, badala ya silabi ya kwanza. Kosa hilo husahihishika haraka mwalimu akilitaja.

Mipaka ya ulinganifu huu lazima isemwe. Baada ya vitenzi vya kudhani na kutumaini Kitaliano sanifu hutaka dhamira tegemezi, ‘penso che parta domani’, wakati Kiswahili hubaki kwenye taarifa, ‘nadhani ataondoka kesho’. Kwenye masharti Kiswahili hupotosha kabisa. Sisi huweka -nge- pande zote mbili, ‘angesema polepole, ningeelewa’, na Kitaliano hugawa, dhamira tegemezi baada ya ‘se’ na dhamira ya masharti upande wa pili: ‘se parlasse piano, capirei’. Mswahili atasema ‘se parlerebbe’, kosa ambalo hata Waitalia wenyewe hukemewa kwalo shuleni. Mambo haya ndiyo yanayostahili kungoja kiwango cha B1. Ombi la heshima halistahili kungoja.

Wapo watakaosema kwamba mhudumu hahitaji sarufi, maneno machache yanatosha. Dubai yenyewe huonekana kuwaunga mkono, kwa sababu Kiarabu ambacho wahamiaji wengi hukiokota kazini ni pijini ya Ghuba, iliyoelezwa na mwanaisimu J. R. Smart mwaka 1990, ambamo kitenzi hubaki na umbo moja kwa nafsi zote: ‘ana yiruh’, mimi huenda, ‘inta yiruh’, wewe huenda, ingawa ‘yiruh’ katika Kiarabu ni ya mtu wa tatu. Pijini hiyo huendesha duka na jengo linalojengwa, na sidharau kazi hiyo. Lakini humwekea msemaji wake dari. Anayesema ‘yiruh’ kwa kila nafsi hutambulikana mara moja kuwa mtu wa kutumwa, na anayesema ‘io parlare, tu firmare’ mbele ya mgeni wa Kitaliano hutambulikana vilevile. Kupandishwa kutoka kubeba mizigo hadi meza ya mapokezi kunategemea mambo mengi, na lugha ya adabu ni mojawapo. Kumfundisha mfanyakazi Kitaliano cha kumtosha kupokea amri tu, wakati lugha yake imemwandaa kwa zaidi ya hapo, ni kumpunja.

Italia kwa upande wake haijakosa watu wa kuielewa hoja hii. Chuo Kikuu cha L’Orientale mjini Napoli kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na huko ndiko alikofundisha Elena Bertoncini Zúbková, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha historia ya fasihi ya Kiswahili cha mwaka 1989. Wataalamu wa chuo hicho wanazijua sarufi zote mbili. Idara za Kiswahili za Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi nazo zina waliochambua kitenzi cha Kiswahili mpaka kiambishi cha mwisho. Pande hizi mbili na zikae pamoja ziandike kitabu cha Kitaliano kwa Kiswahili, kisichopitia Kiingereza, na sura yake ya kwanza iwe ‘firmi, prenda, mi segua’.