Udongo wa London na Chokaa ya Unguja

Mkazi wa Nanyala hana haja ya kufundishwa tofali la kuchoma. Udongo hufinyangwa, hukaushwa, hupangwa tanuri, nalo tope likapita motoni hugeuka kama jiwe.

Zama za Malkia Victoria, Waingereza waliifanya kazi hiyohiyo kuwa pambo la biashara. Mwaka 1879 kampuni ya bima ya Prudential ilifungua ofisi zake Holborn, London, kwa ramani ya Alfred Waterhouse: matofali mekundu na nakshi za udongo wa kuchoma. Wala haukuwa urembo mtupu. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa ukila mawe ya mji ule, ilhali udongo uliochomwa huoshwa na masizi yakatoka.

Fahari ya zama hizo ilivuka bahari hadi Unguja, bali udongo haukuvuka nayo. Mwaka 1887 Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia mwenye asili ya Kutch, aliyepata kusimamia forodha ya Sultani, alianzisha jengo karibu na bandari kuadhimisha miaka 50 ya enzi ya Malkia. Alikusudia liwe hospitali ya maskini. Wako wanaomlaumu kwa kumtukuza mtawala wa kigeni. Lakini mgonjwa apewaye dawa haulizi jina la malkia. Tharia hakuliona likikamilika. Alifariki mwaka 1891, nalo likamalizika mwaka 1894. Baada ya kuuzwa mwaka 1900, chini pakawa zahanati, juu nyumba za kupanga.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nakshi zake ni za lipu, na roshani ni za mbao zilizochongwa. Hapo ndipo tofauti ilipo. Chokaa hunywa maji na kuyatoa, hivyo hutaka kupakwa upya mara kwa mara, na paa halina budi kuzibwa kila livujapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo liliachwa likachakaa: mvua ikaingia, mbao zikaoza. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati likarudia sura yake.

Jirani yake Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, halikubahatika hivyo. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakafa chini ya kifusi.