Kiyoyozi cha spliti hudumu miaka mingapi? Mambo ya kukagua kabla ya kununua na kusafirisha

Biashara ya viyoyozi vya spliti, vipya na vilivyotumika, hupitia zaidi bandari za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Kutoka hapo mzigo husambazwa hadi Kigali, Bujumbura, Kampala na Lubumbashi. Mteja wa mwisho huwa na swali moja: chombo hiki kitadumu muda gani? Jibu la dukani mara nyingi ni "miaka mingi". Jibu hilo halimsaidii mnunuzi, na baada ya miezi michache linaweza kumrudia muuzaji.

Spliti ni kiyoyozi chenye sehemu mbili: moja ya ndani inayopuliza hewa chumbani, na moja ya nje yenye kompresa na feni. Sehemu hizo huunganishwa kwa mabomba ya shaba yanayopitisha gesi. Kikinunuliwa kipya, kikafungwa na fundi anayejua kazi na kikahudumiwa kwa wakati, kiyoyozi cha namna hii kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Baadhi hufika miaka 20. Hata hivyo, makadirio hayo ni ya mazingira mazuri. Mfanyabiashara anatakiwa kujua mambo yanayoyapunguza.

Saa za kazi, si umri pekee

Umri wa mashine hii huhesabika vizuri zaidi kwa saa za kazi kuliko kwa miaka. Kiyoyozi cha ofisi kinachofanya kazi saa 8 kila siku hufikisha saa 2,920 kwa mwaka. Kwa miaka 15 ni saa 43,800. Kiyoyozi cha chumba cha mitambo ya simu kisichozimwa usiku wala mchana hufikisha saa 8,760 kwa mwaka. Maana yake kinamaliza saa hizo hizo 43,800 ndani ya miaka 5 tu.

Ndiyo maana kiyoyozi cha miaka 4 kilichotolewa katika hoteli au duka la Ghuba, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, kinaweza kuwa kimechoka kuliko cha miaka 8 kilichotoka katika nyumba ya Nairobi au Kigali. Tarehe iliyoandikwa kwenye kibandiko ni mwanzo wa ukaguzi, si mwisho wake.

Chumvi ya pwani

Adui mkubwa wa spliti katika miji ya pwani ni hewa ya chumvi. Sehemu ya nje ina mabomba ya shaba yaliyopitishwa katika mapezi membamba ya alumini. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu wenye chumvi, alumini huliwa. Mapezi hugeuka unga, joto hukosa pa kutokea, kompresa hufanya kazi kwa nguvu zaidi na umeme mwingi hutumika. Chombo kilichofungwa karibu kabisa na bahari, bila kuoshwa, kinaweza kupoteza nusu ya maisha yake.

Mteja wa Tanga, Mombasa au Unguja anafaa kuuziwa aina ambayo mapezi yake yamepakwa rangi ya kinga, ambayo mara nyingi huonekana ya bluu au ya dhahabu. Sehemu ya nje ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa presha ndogo, kila baada ya miezi 3. Chujio cha ndani kisafishwe kila wiki 2 hadi 4.

Umeme unaokatika

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa hulazimika kuanza wakati presha ya gesi bado iko juu. Hali hiyo huunguza nyaya za mota. Umeme mdogo nao huunguza, kwa kuwa mota huvuta mkondo mkubwa zaidi. Stabilaiza yenye kuchelewesha umeme kwa dakika 3 hadi 5 ni kinga ya bei ndogo ikilinganishwa na kompresa mpya.

Viyoyozi vya inveta hutumia umeme kidogo na huanza taratibu, lakini vina bodi ya kielektroniki ndani ya sehemu ya nje. Bodi hiyo huharibiwa na umeme wa kupanda na kushuka, na pia na mijusi na sisimizi wanaoingia kutafuta joto. Anayeuza inveta mbali na miji mikubwa ahakikishe bodi za akiba zinapatikana.

Kibandiko husema mengi

Kabla ya kulipia mzigo wa viyoyozi vilivyotumika, soma kibandiko cha sehemu ya nje. Cha kwanza ni Hz. Nchi za Afrika Mashariki hutumia umeme wa Hz 50, sawa na Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Saudi Arabia na Korea Kusini hutumia Hz 60. Kiyoyozi cha kawaida, kisicho cha inveta, kilichotengenezwa kwa Hz 60 pekee kikifungwa kwenye umeme wa Hz 50, mota yake hupata joto kupita kiasi na kompresa hufa mapema. Vilivyoandikwa 50/60 havina tatizo hilo. Tazama pia volti: Japani hutumia volti 100, na baadhi ya viyoyozi vyake vya nyumbani haviwezi kuunganishwa na volti 230 au 240 za huku.

Cha pili ni alama ya T1 au T3. T1 hupimwa kwa joto la nje la nyuzi 35, na T3 kwa nyuzi 46. Kwa maeneo ya joto kali, T3 ina nafuu.

Gesi ndiyo huamua mwisho

Cha tatu kwenye kibandiko ni aina ya gesi, na hapa ndipo wengi huumia. Kiyoyozi kinaweza kuwa na kompresa nzima lakini kikakosa thamani kwa sababu gesi yake inaondolewa sokoni.

Gesi ya R22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Kwa nchi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika Mashariki, matumizi yalisimamishwa yasiongezeke mwaka 2013, yakapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 punguzo linafika asilimia 97.5, na kiasi kidogo kinachobaki ni cha kuhudumia mashine zilizopo hadi mwaka 2040. Kwa hiyo kila mwaka unaopita gesi ya R22 inakuwa adimu zaidi. Anayenunua leo kontena la viyoyozi vya R22 ananunua mzigo ambao huenda mafundi wakashindwa kuujazia gesi kabla haujachoka.

R410A haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Inadhibitiwa na Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa mjini Kigali mwezi Oktoba 2016 na kuanza kutumika Januari 1, 2019. Nchi nyingi za Afrika zilitakiwa kuacha kuongeza matumizi ya gesi za kundi hilo kuanzia mwaka 2024, na punguzo la kwanza, la asilimia 10, ni mwaka 2029. Nchi za Ghuba zimepewa hadi mwaka 2028 kuanza. Tofauti hiyo ya miaka ina maana kwa mwagizaji: kinachouzwa kwa uhuru Dubai kinaweza kubanwa mapema zaidi huku.

R32 nayo imo katika kundi hilo, ila athari yake kwa joto la dunia ni takriban theluthi moja ya R410A. Huwaka moto kwa kiasi kidogo, hivyo mitungi yake huhesabiwa kuwa mzigo hatari barabarani na baharini.

Gesi hizi hazibadilishwi ovyo. R410A hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko R22 kwa zaidi ya nusu, na hutumia mafuta tofauti. Fundi akiijaza kwenye chombo cha R22 anaweza kupasua mabomba na kumjeruhi mtu.

Kwa upande wa kibali, viyoyozi huingia forodhani chini ya kifungu 8415. Mwagizaji aulize mapema mamlaka ya mazingira ya nchi mzigo unakokwenda, kama vile NEMA kwa Kenya na Uganda au REMA kwa Rwanda, kama vyombo vilivyotumika na gesi husika vinaruhusiwa. Kuuliza baada ya meli kutia nanga ni kuchelewa, kwani gharama za bandari huanza kuhesabika.

Uharibifu wa njiani

Maisha ya kiyoyozi yanaweza kukatwa ndani ya lori. Sehemu ya nje isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huhama na kuingia kwenye mabomba. Ikitokea imelazwa, isimamishwe kwa saa 24 kabla ya kuwashwa. Mabomba yakigongana kwa mtikisiko wa barabara mbovu hupata nyufa, na gesi huvuja polepole bila mtu kujua. Mzigo ufungwe kwa kamba na ukingwe kwa maboksi au magodoro membamba.

Kwa vilivyotumika, kagua midomo ya mabomba. Fundi makini hurudisha gesi yote kwenye sehemu ya nje kabla ya kung'oa, kisha huziba midomo kwa vifuniko. Midomo ikiachwa wazi, unyevu huingia. Mafuta yanayotumika na R410A na R32 hunyonya unyevu haraka, hutengeneza asidi, na kompresa huungua miezi michache baadaye, mteja akidhani ameuziwa kibovu.

Hesabu ya mwisho

Bei pekee haitoshi kulinganisha. Chukulia kiyoyozi kilichotumika kinauzwa Sh400,000 na kimebakiza miaka 3, na kipya kinauzwa Sh1,000,000 na kitadumu miaka 10. Cha kwanza kinamgharimu mnunuzi zaidi ya Sh133,000 kwa mwaka. Cha pili ni Sh100,000, kabla ya kuhesabu umeme ambao chombo chakavu hula zaidi. Muuzaji anayeweza kumwonyesha mteja hesabu hiyo humpata tena.

Kwa matengenezo, mafundi wengi hufuata kanuni moja: chombo kikivuka miaka 10 na gharama ya kukitengeneza ikizidi nusu ya bei ya kipya, ni afadhali kukibadilisha. Kapasita na feni hutengenezwa bila kusita. Kompresa ya chombo cha R22 huwa haina faida.

Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa

- Kilitengenezwa mwaka gani, na kilifungwa wapi: nyumbani, ofisini au kwenye mitambo ya saa 24?
- Ni Hz na volti ngapi?
- Kinatumia gesi gani?
- Mapezi ya nje yako wima na safi, au yameliwa na kutu?
- Midomo ya mabomba imezibwa?
- Kinaweza kuwashwa mbele ya mnunuzi na kupoza kwa angalau dakika 15?

Muuzaji asiyejibu matatu kati ya hayo hajui anachouza, au anajua na hataki kusema. Katika hali zote mbili, ni heri fedha zibaki mfukoni.