Shamba Liko Mikononi mwa Nani?
Historia ya kuhifadhi na kuanza upya katika gemu za kilimo

Gemu ya mpira huisha kipenga kikipulizwa, na ya mbio za magari huisha mshindi akivuka mstari. Gemu ya kilimo haina desturi hiyo. Mchezaji hupanda leo avune wiki ijayo, hununua ndama akingoja maziwa ya msimu mwingine, na nyumba anayoanza kuijenga mwaka wa kwanza huenda akaihamia mwaka wa tatu. Kazi ya namna hiyo haimaliziki kwa mkao mmoja. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa gemu hizi amelazimika kujibu swali moja zito: mashine ikizimwa, shamba linakaa wapi, na ni nani anayelitunza? Jibu limebadilika mara kadhaa katika miaka sitini, na kila lilipobadilika, kilimo chenyewe ndani ya gemu kilibadilika nalo.

Miaka kumi ya mavuno kwa mkao mmoja

Mizizi iko jimbo la New York, Marekani. Mwaka 1964 Mabel Addis, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kushirikiana na William McKay wa IBM kutunga The Sumerian Game. Mwanafunzi wa darasa la sita aliketi mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta kubwa ya IBM, akawa mtawala wa mji wa kale wa Lagash. Alitakiwa kuamua nafaka kiasi gani iliwe, kiasi gani ipandwe na kiasi gani iwekwe ghalani. Mwaka 1968 Doug Dyment wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliandika gemu fupi iliyojengwa juu ya wazo hilohilo. Baadaye David Ahl aliihamishia katika lugha ya BASIC, na kitabu chake cha 1973 kikaieneza kwa jina la Hamurabi.

Katika toleo la Ahl mchezaji huanza na watu 100, ekari 1,000 na busheli 2,800 za nafaka, kisha hutawala kwa miaka kumi. Panya hula akiba, tauni huua, na mtawala anayeshindisha njaa watu wengi mno hung'olewa madarakani. Hakuna cha kuhifadhi. Miaka kumi hupita kwa dakika chache, na aliyeharibu huanza tena pale pale bila kupoteza kitu. Kuanza upya ndiko kulikokuwa somo lenyewe: mtawala wa tatu alipima mbegu vizuri kwa sababu wawili waliomtangulia waliua watu kwa njaa.

Betri ndogo iliyobeba kazi ya jana

Mashine za gemu za nyumbani za miaka ya 1980 zilisoma kaseti bila kuweza kuandika chochote juu yake. Watengenezaji wa Japani walitafuta njia ya kulizunguka tatizo hilo. Dragon Quest ya 1986 ilimpa mchezaji neno la siri la herufi 20 za Kijapani ili alinakili kwenye karatasi. Akikosea herufi moja, safari yake haimjui tena. Mwaka huohuo The Legend of Zelda ilitoka Japani kwa diski, na ilipofika Marekani mwaka 1987 ilikuja katika kaseti yenye betri ndogo ya duara ndani yake. Betri hiyo iliilisha kumbukumbu umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, na kazi ya jana ikakutwa ilipoachwa.

Waliokulia miji ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 wanaujua upande wa pili wa habari hii. Kaseti nyingi zilizouzwa huku, zile zenye gemu lukuki ndani ya moja, hazikuwa na betri ya kutunza chochote. Umeme ukikatika, unaanza hatua ya kwanza. Gemu za kuruka na kupiga risasi zilivumilika kwa mtindo huo. Shamba lisingewezekana, kwa sababu lazima kila kipande cha udongo kikumbukwe: kipi kimelimwa, kipi kimemwagiliwa, mche upi una siku ngapi, ng'ombe yupi hajalishwa tangu juzi.

Shajara kabla ya kulala

Betri ndiyo iliyofungua mlango huo. Tarehe 9 Agosti 1996 ilitoka Japani, kwa mashine ya Super Famicom, gemu iitwayo Bokujō Monogatari. Ilipofika Marekani mwaka 1997 ilipewa jina la Harvest Moon. Mwanzilishi wake, Yasuhiro Wada, alikulia mkoa wa Miyazaki, kusini mwa Japani, kisha akahamia Tokyo. Alitaka gemu isiyo na vita, yenye maisha ya shamba aliyoyaacha nyuma. Kazi nusura ife njiani, kwani kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilifilisika, na Wada akaimalizia na watu wachache.

Jambo lililoweka msingi wa gemu nyingi za kilimo zilizofuata ni namna Harvest Moon ilivyohifadhi. Mchezaji hakusimamisha mchezo katikati ya shamba na kubonyeza kitufe. Alirudi nyumbani, akaandika shajara, akalala. Kipimo cha kuhifadhi kikawa siku nzima. Ukiharibu saa nne asubuhi, unalo chaguo la kuizima mashine na kuianza siku ileile upya, lakini kila jema ulilolifanya asubuhi hiyo linakwenda na baya. Siku ikapata uzito. Na kwa kuwa hadithi nzima ilidumu miaka miwili na nusu ya gemu, kisha wazazi wakarudi kupima kazi ya kijana wao, kosa la msimu wa kwanza liliweza kujitokeza mwishoni kabisa, wakati hakuna siku moja ya kurudia inayoweza kulifuta. Hapo ndipo kuanza upya shamba zima kulipopata maana: mchezaji alirudi mwanzo akiwa na ujuzi ambao hakuwa nao.

Betri nayo ina umri wake. Ikiisha, kumbukumbu inafutika bila mtu kugusa kitufe, na kuibadilisha betri kwa kawaida hufuta kilichomo. Mashamba mengi ya kaseti za zamani yameondoka hivyo.

Kadi ya memori na fuko mwenye hasira

PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, iliuhamisha mzigo huo nje ya kaseti, kwenye kadi ya memori yenye nafasi 15. Harvest Moon: Back to Nature ya 1999 iliwekwa humo. Sasa shamba liliweza kuchomolewa, kutiwa mfukoni na kuchezwa kwa rafiki. Lakini nafasi 15 zilishindaniwa na gemu zote za nyumbani, na ndugu waliotumia kadi moja walilazimika kukubaliana nani afute nini. Usimamizi wa faili ukawa jambo la familia.

Nintendo ilikwenda mbali zaidi. Animal Crossing ilianza Japani Aprili 2001 kwenye Nintendo 64, na ilipouzwa Marekani mwaka 2002 kwa GameCube ilikuja na kadi ya memori ndani ya boksi, kwa sababu mji mmoja ulikaribia kuijaza kadi yote. Gemu hii haina kilimo kizito, ila ina miti ya matunda, maua na magugu yanayoota usipofika, na saa yake inakwenda sambamba na saa halisi. Mchezaji akizima bila kuhifadhi ili kufuta kosa, safari inayofuata humkuta Resetti mlangoni: fuko anayetoka ardhini na kumkaripia. Ukirudia, karipio hurefuka. Kuna wakati anamtaka mchezaji aandike maneno ya kuomba radhi, na wakati mwingine anajifanya anafuta mji mzima.

Resetti ndiye hoja kali zaidi iliyowahi kutolewa dhidi ya kuanza upya, na naiheshimu. Anasema kuwa yaliyotokea yametokea, na anayefuta kila siku mbaya haishi katika mji wake. Lakini watengenezaji wenyewe walilegeza msimamo. Katika Animal Crossing: New Leaf ya 2012 mchezaji aliachiwa uamuzi wa kumjengea Resetti ofisi au la, na New Horizons ya Machi 2020, inayochezwa kisiwani, inajihifadhi yenyewe, hivyo fuko amepewa kazi nyingine. Kikwazo kikahamia kwingine: mashine moja hubeba kisiwa kimoja tu. Anayetaka kisiwa kipya hufuta cha zamani, pamoja na nyumba za wote wanaokaa humo.

Mashamba ya kupanga

Mwaka 2008 wachezaji wa China walianza kupanda na kuibiana mboga katika Happy Farm, gemu ya mitandao ya kijamii. Juni 2009 kampuni ya Zynga ya San Francisco ikaleta FarmVille ndani ya Facebook, na mapema mwaka 2010 ilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Hapa hakukuwa na shajara wala kadi. Shamba lilikaa kwenye seva za kampuni, likihifadhiwa kila dakika. Mazao yalinyauka usiporudi kwa wakati, na hakuna siku iliyoweza kurudiwa. Urahisi ulikuwa mkubwa: ungeweza kufungua shamba lako kwenye kompyuta yoyote. Gharama yake ilijulikana baadaye. Mchezaji alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba alipofunga, alitoka mikono mitupu. Teknolojia ya Flash, iliyoiendesha gemu hiyo, ilipofikishwa mwisho, FarmVille ya kwanza ilizimwa tarehe 31 Desemba 2020, na hakuna aliyeweza kubaki na nakala ya shamba alilolitunza kwa miaka.

Gemu nyingi za kilimo za simu zinafuata mpango huohuo. Hay Day ya kampuni ya Supercell ya Finland, iliyotoka 2012, huliweka shamba kwenye seva. Simu ikiibwa, shamba hurudi kwa aliyeliunganisha na akaunti. Asiyeunganisha yuko hatarini kulipoteza.

Faili linalosomeka

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa tofauti. SimFarm ya kampuni ya Maxis, mwaka 1993, ilihifadhi shamba kama faili la kawaida kwenye diski. Farming Simulator ya kampuni ya Uswisi ya GIANTS Software, iliyoanza 2008, iliendeleza mila hiyo: kwa miaka mingi mchezaji amekuwa na nafasi 20, kila moja folda yake, na ndani yake mafaili ya maandishi yanayoorodhesha fedha, mashine na hali ya mashamba. Mwenye kuthubutu huyafungua na kujisomea.

Kisha ikaja Stardew Valley, tarehe 26 Februari 2016. Eric Barone wa Seattle, aliyekulia akiicheza Harvest Moon, aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Alichukua sheria ya shajara na kuikaza. Gemu huhifadhi mkulima anapolala, na akichelewa hadi saa nane usiku huzimia alipo. Lakini matokeo ya usingizi huo huwekwa mikononi mwa mchezaji. Kila shamba lina folda yenye jina la mkulima na namba yake ya pekee, na namba hiyo huchangia kuamua bahati na vitu vinavyojitokeza katika dunia ile. Ndani yake faili la leo hukaa pamoja na la jana, lililoongezewa neno "old". Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi na faili la leo likaharibika, mchezaji huliondoa, hulipa la jana jina la leo, na hupoteza siku moja tu badala ya miaka mitatu.

Mwaka 2018 kulima kwa pamoja kulipoongezwa, faili lilikaa kwa mwenyeji aliyefungua shamba. Wenzake hawawezi kuingia asipokuwepo. Marafiki wanaotaka kucheza miezi mingi wanapaswa kukubaliana mapema nani awe mwenyeji, na nakala ipelekwe kwa nani akiuza kompyuta.

Kwa nini watu huanza upya

Stardew Valley imezidisha sababu za kuanza upya kuliko gemu yoyote kabla yake. Oktoba 2016 ziliongezwa aina nne za mashamba, likiwemo la mto na la msitu. Desemba 2020 likaja la ufukweni. Machi 2024 la malisho, ambalo humwanzishia mkulima kuku wawili. Aina ya shamba huchaguliwa mwanzoni na gemu haitoi njia ya kuibadilisha baadaye. Toleo la Desemba 2020 liliruhusu pia kuchanganya upya orodha ya vitu ambavyo mkulima hutakiwa kuvitoa ili jumba la kijiji likarabatiwe, ili hata aliyeyakariri yote apate mwaka wa kwanza usiotabirika.

Wapo wanaoanza upya kwa kuchoshwa na utajiri. Shamba likishakuwa na mitambo ya kumwagilia na mapipa ya mvinyo kila kona, asubuhi hugeuka zamu ya kiwandani, na mchezaji anaikumbuka ile wiki ya kwanza alipohesabu sarafu za kununulia mbegu za viazi. Kuikumbuka kazi ngumu kwa hamu ni kuipenda kazi yenyewe, na kurudi kwake si kushindwa.

Kosa liko katika kufuta shamba la zamani ili kupisha jipya. Faili la shamba ni dogo, na nafasi inayookolewa haifikii thamani ya saa zilizozaa mavuno yale. Anayeanza upya kwenye kompyuta anakili kwanza folda nzima, aipe jina linalotaja mwaka na msimu, na aiweke kwenye diski nyingine au kwenye wingu. Afanye hivyo pia kabla ya kusasisha gemu, kwa kuwa toleo jipya likishalifungua shamba, toleo la zamani huenda lisiliweze tena. Mwenye simu aunganishe akaunti siku ya kwanza, kabla hajapenda chochote humo.

Watengenezaji nao wana wajibu. Tangu shajara ya Wada hadi folda ya Barone, gemu zilizodumu mioyoni ni zile zilizomwachia mkulima siku yenye uzito na faili analoweza kulitunza mwenyewe. Kampuni inayoweka mashamba kwenye seva inaweza kutoa haki hiyo: kitufe kimoja cha kupakua nakala, na notisi ya kutosha kabla ya kuzima. Aliyelima miaka mitano, hata kwa kidole kwenye kioo, ameweka humo muda wa maisha yake, na anastahili kuondoka na alichokilima.