Msafiri ni Maskini, Ajapokuwa Sultani: Kumbukumbu Tatu za London

Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani. Methali hii hufasiriwa kwa wepesi: mtu akiwa ugenini hana jiko lake, hana kitanda chake wala hana jamaa wa kumtuma, basi hutegemea hisani ya wenyeji. Mimi huisoma pia kama hoja ya historia, kwa sababu sultani wa kwetu alisafiri kweli katika karne ya 19, na mji aliouendea ulikuwa London. Umaskini wake ulikuwa upi? Ili kulijibu swali hilo nimewaweka pamoja wasafiri watatu wa pwani yetu ambao habari zao za mji huo zimesalia katika maandishi: sultani, dada yake, na karani. Nao nitawapima kwa kitenzi kimoja tu, kuona, pamoja na minyambuliko yake.

Seyyid Barghash bin Said alifika London mwaka 1875. Miaka miwili kabla yake, Juni 1873, alikuwa ametia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja na kuizuia biashara hiyo baharini, huku akitishwa kwa manowari za Kiingereza. Kwa hiyo mwaliko wa London ulimfikia mtu aliyekwisha kulazimishwa. Alipokewa kwa taadhima kubwa na kukutana na Malkia Victoria. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na katibu wake, Zahir bin Said, zikachapwa London mwaka 1879 katika kitabu ambacho jina lake lataja kuyaburudisha macho na fikra.

Macho yaliburudika, bila shaka. Lakini mgeni wa dola haoni mji, huonyeshwa. Mwenyeji ndiye anayechagua mlango wa kufunguliwa na barabara ya kupitishwa. Hapo ndipo nauona umaskini wa sultani: hakukosa chakula wala mavazi, ila alikosa uhuru wa kupotea njia.

Hata hivyo, tusimdhanie kwamba aliduwaa. Baadaye Barghash aliwaletea watu wa mji wa Unguja maji ya mabomba, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilisimama mbele ya bahari. Wako wanaosema kwamba yote hayo aliyaiga London. Naona hukumu hiyo ni ya haraka, kwa maana Barghash alikwisha kuishi Bombay alipohamishiwa huko baada ya jaribio lake la kumpindua nduguye Majid mwaka 1859. Mtu huyu aliijua miji mikubwa kabla ya kuvuka kwenda Ulaya.

Msafiri wa pili alifika London mwaka ule ule. Sayyida Salme bint Said, dada yake Barghash, alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya gari la reli mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Aliposikia kwamba kaka yake anakwenda Uingereza, naye alifunga safari kwa tumaini la kupatana naye na kudai urithi wake.

Hawakuonana. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886, Salme asimulia jinsi Sir Bartle Frere alivyomweka njia panda: achague kupatana na kaka yake, au achague ahadi ya serikali ya Uingereza kuwatunza watoto wake. Mama alichagua watoto. Kisha ahadi ile haikutimizwa. Ndugu wawili, wana wa Sayyid Said, walikuwa katika mji mmoja, majira mamoja, na baina yao akasimama bwana mmoja wa dola. Msomaji akitaka kujua tofauti ya kuona na kuonana, basi aisome sura hiyo. Kiambishi kimoja tu cha -na- kilitosha kuwa ukuta.

Msafiri wa tatu alikuwa karani. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani, akapanda cheo katika utumishi wa serikali huko Tanga. Mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wa Waafrika waliogopa kwamba muungano huo ungewatia mikononi mwa walowezi wa Kenya. Mwishowe kamati haikuupitisha.

Kitabu chake kiliitwa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Wapenzi wa lugha, tulipime jina hilo. Kwanza, nafsi yake ni wingi: hakusema niliona, alisema tuliona. Pili, -vyo- hiyo yaweza kuwa ya namna, yaani jinsi tulivyoona, na yaweza kuwa ya vitu, yaani vile tulivyoona. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kitenzi cha kuona kimefuatwa na kitenzi cha kufanya. Hawa hawakwenda kuonyeshwa tu. Walikuwa na kazi, na kazi hiyo waliifanya.

Najua kuna wanaomhesabu Kayamba kuwa mtu wa wakoloni, kwa kuwa aliandika akiwa mtumishi wao na kitabu kikatolewa na wachapishaji wa misheni. Hoja hiyo ina uzito. Kalamu ya karani wa serikali haikuwa huru kusema kila kitu. Lakini tuangalie aliandika kwa lugha ya nani. Zahir aliwaandikia wasomi wa Kiarabu. Salme, ambaye Kiswahili kilikuwa moja ya lugha za utoto wake, aliwaandikia Wajerumani. Kayamba alimwandikia mtu wa Tanga, wa Bagamoyo, wa Tabora, ambaye huenda asingepanda meli ya Ulaya maisha yake yote. Alimpa jirani yake mji ule kwa maneno ya nyumbani.

Hapo methali yetu yapata tafsiri ya pili. Umaskini wa msafiri hauishi anaporudi kwake, ikiwa habari zake zitabaki katika lugha ambayo watu wake hawaisomi. Wako Waswahili wengi waliokwenda London baada ya hao watatu: mabaharia, wanafunzi, wauguzi, wakimbizi wa 1964. Barua zao zimo masandukuni. Aliye na barua ya babu au ya bibi aliyeishi mji huo, na aiandike upya kwa hati inayosomeka, na asiitafsiri. Tunahitaji kujua walivyoona, na walivyofanya.